Kinachofichwa Chini ya Shati

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu dhidi ya ndugu, rafiki au jirani mwenye nia mbaya. Hata hivyo, ipo hali moja ambamo maneno ya methali hii huchukulika kwa maana yake ya wazi, pasipo sitiari yoyote. Ni hali ya mtu anayeamka asubuhi, akavaa nguo zake, kisha akachomeka bastola kiunoni na kuifunika kwa shati kabla ya kutoka nje. Kitu hicho kimo nguoni mwake mchana kutwa. Amekichagua mwenyewe, kwa fedha zake na kwa idhini ya serikali, ili kimlinde. Swali linalostahili kudadisiwa ni hili: mtu huyu anapochagua bastola, huwa amechagua nini hasa?

Na achukuliwe, kwa mfano tu, mwenye duka la jumla mjini Malindi. Hapewi jina hapa kwa kuwa si mmoja. Hufunga duka saa mbili usiku, akatia mauzo ya siku mkobani, akaendesha gari kuelekea nyumbani Mambrui, akivuka daraja la Mto Sabaki mahali ambapo giza hutanda na nyumba hupungua. Amewahi kuporwa mara moja, naye bado huyasikia masikioni maneno aliyoambiwa usiku ule. Hofu ya mtu wa namna hii si ya kubezwa. Mnamo Machi 2013, usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu, maafisa wa polisi waliuawa katika mashambulizi yaliyotokea Mombasa na Kilifi. Oktoba 2019, katika wadi ya Ganda, mwendo mfupi tu kutoka Malindi mjini, mtu mmoja aliuawa kwa risasi katika vurugu za kisiasa kabla ya uchaguzi mdogo wa wadi hiyo. Mwenye duka husikia habari kama hizi, akapiga hesabu ya umbali wa kutoka dukani hadi kituo cha polisi kilicho karibu, akaamua kwamba hadhari ni kabla ya hatari.

Hatua ya kwanza humpeleka kwenye sheria. Nchini Marekani, kubeba silaha kumesimikwa katika katiba tangu mwaka 1791, na raia huizungumzia bunduki yake kama mtu azungumziavyo haki ya kupiga kura. Nchini Kenya mambo si hivyo. Bastola ni ruhusa, na ruhusa hutolewa na hunyang'anywa. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, ilitungwa mwaka 1953, nchi ikiwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Ni sheria iliyozaliwa katika hofu ya serikali kwa raia, na harufu ya kuzaliwa kwake haijaisha. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mwombaji sharti aoneshe sababu njema ya kuhitaji silaha, na cheti hakipewi mlevi wala mtu asiye na akili timamu. Marekebisho ya mwaka 2014 yaliunda bodi ya kutoa leseni za silaha, na Desemba 2018 serikali iliagiza raia wote wenye bastola wahakikiwe upya na kupewa vyeti vipya. Kwa hivyo, kabla mwenye duka hajaulizwa anataka bastola gani, huulizwa yeye ni mtu gani. Swali hilo la pili huonekana kama usumbufu wa ofisini, lakini huenda ndilo pekee lenye maana katika safari nzima.

Baada ya cheti ndipo huja uchaguzi wenyewe, na hapo ndipo hugundua kwamba sifa anazozitaka zinagombana. Anataka bastola ndogo ili isionekane, nyepesi ili isimchoshe, yenye risasi nyingi ili isimwache mkono mtupu, na iliyo rahisi kupiga ili asikose. Hakuna bastola yenye yote manne. Glock 19, iliyotoka mwaka 1988 katika kiwanda cha Austria, ina urefu wa takriban milimita 185 na hubeba risasi 15 za milimita 9. Ndiyo bastola ambayo wengi huihesabu kuwa ya wastani: hufichika chini ya nguo nzito, na bado hujaa mkononi. Glock 43 ya mwaka 2015 ni fupi na nyembamba zaidi, urefu wake ukiwa takriban milimita 160, lakini magazini yake huchukua risasi 6 tu. Mnamo 2018 kampuni ya SIG Sauer ilitoa P365, bastola iliyo karibu na udogo huo huo lakini yenye risasi 10. Kuna pia Ceska, jina ambalo magazeti ya Kenya yameyazoesha masikio ya wasomaji, zinazoundwa katika Jamhuri ya Cheki. Na kuna rivolva ya risasi 5, ambayo haina magazini na ni rahisi kuielewa, ila silinda yake hutuna kiunoni na kifyatulio chake huhitaji kidole chenye nguvu.

Jambo ambalo mnunuzi mgeni halitarajii ni kwamba kadiri bastola inavyopungua ukubwa ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kwa mpigaji. Mtutu ukiwa mfupi, vialama viwili vya kulengea shabaha hukaribiana, na kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa huko mbele. Bastola ikiwa nyepesi, mlipuko huusukuma mkono nyuma kwa nguvu zaidi, na mpigaji huanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Kitako kikiwa kifupi, kidole cha mwisho hukosa pa kushika. Ndiyo maana wajuzi wa mambo haya humshauri anayeanza asikimbilie ile ndogo kuliko zote. Humwambia pia kwamba kinachoisaliti bastola chini ya shati ni unene wake kuliko urefu, na kwamba ala ni muhimu sawa na bastola yenyewe. Bastola nyingi za kisasa, Glock zikiwamo, hazina kizuizi cha usalama cha kufungwa kwa kidole gumba. Usalama wao umo ndani ya kifyatulio. Ala laini inayojikunja, au mfuko wa suruali wenye funguo na sarafu, huweza kukigusa kifyatulio hicho na kumuua mwenye mali badala ya mwizi. Ala inayofaa ni ngumu, na hukifunika kifyatulio chote.

Pwani nayo ina masharti yake. Mkazi wa Limuru huvaa koti na hakuna amwulizaye. Koti mjini Malindi mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwaka, ni tangazo. Mavazi ya huku ni shati jepesi, kanzu, kikoi. Nguo zinazopeperushwa na upepo na kushikana na mwili kwa jasho. Isitoshe, maisha ya pwani ni maisha ya kuinama. Mtu huketi mkekani kula na wenzake. Huinama kumwamkia bibi aliyekaa kibarazani. Akiwa Mwislamu, huenda rukuu na sijida mara tano kwa siku, bega kwa bega na jirani yake msikitini, na kila rukuu huivuta kanzu mgongoni. Akipanda bodaboda, mwili wake hugusana na wa dereva. Akipanda matatu, hubanwa na abiria watatu. Hewa ya bahari nayo haisamehe chuma. Chumvi na jasho huweza kuanzisha kutu pale bastola inapougusa mwili, na mwenyewe hana budi kuifuta na kuitia mafuta mara kwa mara, na kuzibadilisha risasi zilizokaa kiunoni muda mrefu. Kwa kifupi, pwani ni mahali pagumu pa kuficha kitu. Ujirani wake umejengwa juu ya kugusana.

Wasomi wa fasihi ya Kiswahili watakumbuka kwamba wasomaji wengi waliijua bastola kwanza vitabuni. Aristablus Elvis Musiba alipotoa Kufa na Kupona mwaka 1974, alimleta Willy Gamba, mpelelezi wa Kiafrika mwenye silaha na mbio za kimataifa, na kizazi kizima cha vijana kikamwiga kwa mawazo. Katika riwaya za mkondo huo, bastola haishiki kutu, haikwami katika ncha ya shati, wala haihitaji kupelekwa mazoezini. Inachomolewa, na sentensi inakwisha. Hata hivyo, kabla yake alikuwapo Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, aliyeingia katika uwanja wa riwaya kwa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Huyu silaha yake ilikuwa kiko na fikra. Alivuta moshi, akasikiliza, akauliza maswali, na ukweli ukajitokeza. Wahakiki wameliona deni lake kwa Sherlock Holmes wa Uingereza, nalo lipo. Lakini kuna jambo la kipwani katika tabia yake: anaamini kwamba siri za mtaa hujulikana mtaani, na kwamba mwenye subira ya kuzungumza na watu atazipata. Mwenye duka wa Malindi amesimama kati ya wawili hawa, japo huenda hajawasoma.

Haki inadai isemwe kwamba bastola ya raia imewahi kuokoa. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi waliposhambulia jengo la Westgate jijini Nairobi na kuua watu 67, miongoni mwa waliotangulia kuingia kuwaokoa wengine walikuwa raia wenye leseni, wakiwa na bastola zao ndogo dhidi ya bunduki za kivita. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa Seneta wa Garissa, alikuwa mmoja wao, na picha ya mtoto aliyemkimbilia ilienea duniani kote. Hakuna hoja ya haki juu ya suala hili inayoweza kuiruka siku ile. Ila inafaa kutazama kilichotendeka hasa. Bastola ile haikuwa imefichwa tena. Ilitolewa hadharani, mbele ya macho ya watu, na aliyeishika aliitumia kwa ajili ya wasiomjua. Kilichookoa ni mtu aliyezoea silaha yake na aliyekuwa tayari kujitia hatarini kwa ajili ya mwingine. Chapa ya bastola haikuulizwa na yeyote.

Suala la kuficha na kuonesha lina historia ndefu katika mwambao huu, na lugha yenyewe imeihifadhi. Neno bunduki limetokana na Kiarabu, kama vile risasi, ambalo asili yake ni jina la madini ya risasi. Mzinga ni neno la Kibantu: gogo lililotobolewa la kufugia nyuki, likaja kuazimwa na chombo kingine chenye tundu na ngurumo. Jambia nalo linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ubavu, yaani kitu cha kuvaliwa ubavuni. Na jambia lilivaliwa juu ya kanzu, mbele ya watu, likiwa na mpini uliopambwa. Lilitangaza kwamba mvaaji ni mtu mzima, mwenye heshima ya kuilinda na jamaa wa kuwajibika kwao. Kila mtu sokoni aliliona, na kwa kuwa kila mtu aliliona, kila mtu alikuwa na haki ya kumwuliza mvaaji kwa nini limechomolewa. Oman imeliweka jambia la aina hiyo katika bendera yake tangu 1970. Haiwezekani kuwa na ishara iliyo wazi kuliko hiyo.

Bastola ya kufichwa imeugeuza utaratibu huo. Jirani hajui. Imamu hajui. Mteja anayepandisha sauti juu ya deni la unga hajui kwamba ugomvi wake una mtu wa tatu. Macho yote yaliyomsaidia mwenye jambia kujizuia yameondolewa, na kazi ya kujizuia imebaki juu ya nafsi moja tu. Hapa ndipo methali ya nguoni inaporudi kwa nguvu. Mtu huyu anakatazwa na sheria kulewa akiwa na silaha, lakini hasira haina kipimo cha kupulizia. Hawezi tena kushindana barabarani na dereva wa matatu aliyemkatia njia. Hawezi kuivua na kuiweka juu ya kabati, kwa sababu watoto hupanda makabati. Mwizi akijua anayo, huenda akamfuata kwa sababu ya bastola hiyo, maana sokoni mwa wahalifu ina thamani kuliko mauzo ya siku. Anayechagua bastola kwa dhati, basi, huwa amechagua kuwa mpole kuliko alivyokuwa jana. Asiyekuwa tayari kwa upole huo amejinunulia kinachomla.

Na bado kuna jambo kubwa zaidi, nalo ni la nani hasa ana hatari na nani hasa ana bastola. Watu wa Kilifi wanayo kumbukumbu ya kupambana na bunduki wakiwa hawana. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu na kwa ulimi wake, akawaapisha kutompa Mwingereza vijana wao wala kodi yao. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa Kisii. Wakatoroka, wakarudi pwani. Mnamo Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti na vita vikazuka, mishale kwa bunduki. Watu wengi waliuawa na wengine wakatozwa faini nzito. Leo Malindi inalitukuza jina la mama huyu. Alichokuwa nacho kilikuwa sauti iliyosikika na watu waliokubali kusimama pamoja hadharani.

Katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi, wapo watu wanaokabili kifo bila ya mtu yeyote kuwauliza wangependa bastola ya chapa gani. Ni wazee. Kwa miaka mingi, hasa vijijini mbali na bahari, huko Ganze, Kaloleni na Magarini, wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Silaha aghalabu ni panga, na anayelishika mara nyingi ni mtu anayemwita marehemu babu au baba. Uchunguzi umeonesha tena na tena kwamba nyuma ya tuhuma hujificha shamba: mzee akiondoka, ardhi hugawanywa na kuuzwa. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu 1925, nayo inakataza kumtuhumu mtu ovyo kuwa mchawi. Lakini sheria iliyo kitabuni Nairobi haifiki haraka kwenye kibanda cha Ganze usiku wa manane. Kaya Godoma, katika eneo hilo, imekuwa kimbilio la wazee waliotoroka makwao.

Wazee hao nao wana kitu wanachokificha. Dalili ya kwanza ya uchawi, kwa wanaoua, ni mvi. Hivyo kuna wazee wa Kilifi ambao wamekuwa wakinunua rangi nyeusi na kupaka vichwa vyao ili wasionekane wamezeeka. Jambo hili limeripotiwa mara nyingi kiasi cha kuzoeleka, na kuzoeleka kwake ndiko kunakotisha. Katika utamaduni wa Waswahili na wa Wamijikenda, mvi zilikuwa ushahidi wa hekima. Mwenye mvi alipishwa njia na kupewa kiti. Na kijana aliyemkuta barazani alitangulia kutoa shikamoo. Zilikuwa kama jambia: zilivaliwa juu, zikaonekana na wote, na kuonekana kwake kulimlinda mwenyewe. Sasa zimekuwa kitu cha kufichwa, kama bastola. Tofauti ni kwamba bastola hufichwa na anayeweza kuua, na mvi hufichwa na anayeogopa kuuawa.

Bastola isingemsaidia mzee huyu hata angepewa bure. Mkono wake unatetemeka, anayemjia ni mjukuu, na usiku ni mrefu. Kinachoweza kumsaidia ni vitu vya hadharani: hati ya shamba iliyoandikwa wazi na kujulikana na wanawe wote, chifu anayefuatilia tuhuma siku ileile iliponong'onezwa, majirani wanaopiga mayowe badala ya kuzima taa, na vijana wanaokataa kuliita jina lake pamoja na neno mchawi katika mazungumzo ya mangweni. Neno hilo, likishatamkwa mara tatu mtaani, lina madhara kuliko risasi, na halina leseni. Wanafunzi wa lugha wana sehemu yao hapa, kwa kuwa kazi yao ni kujua maneno yanafanya nini yanapotoka vinywani. Mwenye duka wa Malindi pia ana sehemu yake. Vitu hivyo hivyo vya hadharani, yaani taa za barabarani, kituo cha polisi kinachoitika na majirani wanaojuana, vingempunguzia hofu ambayo bastola imemfunikia tu.

Asiwepo wa kumlaumu kwa kununua. Ana mke, ana watoto, na barabara ya Mambrui ina giza. Itakuwa vyema akichagua ile inayoujaa mkono wake, akaitafutia ala ngumu, akaenda mazoezini, akajifunza kunyamaza anapotukanwa. Usiku akifika nyumbani ataivua, ataifungia ndani ya sanduku la chuma, na kwa saa chache atakuwa mtu asiye na siri. Mzee wa Ganze hana sanduku la namna hiyo. Rangi ikififia, mvi hurudi, na hana pa kuzivulia.